Msaada wa Masomo kwa Viziwi

Andrew Foster, Mmarekani mweusi, alipoteza uwezo wa kusikia akiwa na umri wa miaka 11, baada ya kuugua homa ya uti wa mgongo. Mwaka 1951 alipata msaada wa masomo katika chuo cha viziwi mjini Washington, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Gallaudet. Huko mafunzo hutolewa kwa lugha ya alama. Akahitimu mwaka 1954. Hadi alipofariki mwaka 1987, katika ajali ya ndege nchini Rwanda, alikuwa ameanzisha shule za viziwi zaidi ya 30 barani Afrika.

Karo peke yake haitoshi. Kiziwi aliyelipiwa karo katika chuo cha wanaosikia, pasipo mkalimani, huona midomo ikicheza tu. Msaada ulio kamili humlipia na mkalimani.