Programu za bure zina gharama yake: Watu watano waweza kuokoa fedha

WAFANYABIASHARA wanaotaka kupunguza gharama za ofisi kwa kutumia programu huria za kompyuta wanaweza kujikuta wakilipa kwa njia nyingine, endapo programu hizo hazitajaribiwa kwanza na watu wa kawaida watakaozitumia.

Programu huria, kama LibreOffice ya kuandikia barua na kupiga hesabu, au GNOME inayopanga kioo cha kompyuta za Linux, hazina ada ya leseni. Hata hivyo, muda wa karani una bei. Ofisi yenye makarani 10, ambapo kila mmoja hupoteza dakika 15 kwa siku akitafuta kitufe asichokiona, hupoteza saa 65 katika mwezi wa siku 26 za kazi. Mshahara wa saa hizo hulipwa na mwenye biashara.

Kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ililitambua hilo mapema. Mwaka 2001, ikijiandaa kuitumia GNOME katika kompyuta zake, iliwaketisha watu 12 mbele ya programu hiyo, ikawapa kazi ndogo ndogo na kuwaangalia. Ilibainika kuwa maneno ya kitaalamu yaliwachanganya watumiaji, na aliyetaka kuweka saa kwenye kioo alikuta saa za aina kadhaa asijue achague ipi.

Sun haikuificha ripoti hiyo. Iliwapa waandishi wa GNOME, ambao wengi walikuwa wakijitolea. Toleo la 2.0, lililotoka Juni 2002, lilikuwa na mambo machache ya kuchagua, na mwaka huohuo ukatolewa mwongozo wa kupanga menyu na vitufe.

Majaribio ya namna hiyo hayahitaji mtaji mkubwa. Kwa mujibu wa mtaalamu Jakob Nielsen, aliyeandika kuhusu suala hilo mwaka 2000, mtumiaji mmoja hufichua takriban asilimia 31 ya kasoro, na watumiaji watano hufichua takriban asilimia 85. Alishauri kuwa mwenye uwezo wa kupata watu 15 awagawe katika majaribio matatu, kasoro zikirekebishwa kila baada ya jaribio.

Upande wa hasara, mfano unaotajwa mara nyingi ni wa jiji la Munich, Ujerumani, lililohamishia kompyuta zaidi ya 14,000 kwenye Linux. Mwaka 2017 madiwani waliamua kurudi Windows, na malalamiko ya wafanyakazi yalikuwa miongoni mwa hoja zilizotolewa, ingawa watetezi wa mradi walilaumu zaidi siasa na uendeshaji.

Kwa Afrika Mashariki suala hili lina uzito wa pekee. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Tafsiri inaweza kuwa sahihi kwenye kamusi, lakini kama karani hatambui neno lililo kwenye menyu, atarudi kwenye Kiingereza alichokizoea.

Mfanyabiashara anayefikiria kuhama anaweza kufanya jaribio lake kwa siku moja. Achague watumishi watano wasio mafundi. Awape kazi halisi: kuandaa ankara, kujumlisha mauzo ya siku, kuchapa stakabadhi. Akae nyuma yao, asiwaelekeze, aandike kila wanapokwama na dakika zinazopotea.

Orodha hiyo ina faida mbili. Kwanza, inampa hesabu ya kweli ya gharama ya kuhama kabla hajafuta programu ya zamani. Pili, akiipeleka kwa waandishi wa programu, kasoro hizo zina nafasi ya kurekebishwa katika toleo lijalo. Waandishi hao hawamtozi fedha, lakini bila taarifa kutoka dukani kwake hawawezi kujua karani wake amekwama wapi.