Mguu wa Pili wa Askari

Hapa Lubumbashi, mji ulioitwa zamani Elisabethville, twawasifu askari wa Force Publique waliotwaa Tabora mwaka 1916 na Saio mwaka 1941. Lakini sifa hazimponyi kilema.

Askari aliyejeruhiwa goti huuelemea mguu mzima. Miaka ikipita nao huchakaa, hata nyonga na mgongo huuma. Risasi haikuupiga mguu huo, walakini jeraha la kwanza ndilo chanzo cha maumivu yake. Je, ni haki kupima mguu mmoja tu?

Nchini Marekani ulemavu wa askari hupimwa kwa sehemu za mia, kumi kumi. Mguu wa pili nao huhesabiwa, mganga akithibitisha kwamba umeharibika kwa sababu ya ule wa kwanza. Na miguu yote miwili ikiwa na kilema, huongezwa sehemu ya kumi ya hesabu yake.

Basi, wana wa askari, zitunzeni karatasi za jeshi na za hospitali, mkamwombe mganga aandike wazi chanzo cha maumivu. Mtume Paulo alilifananisha Kanisa na mwili mmoja; tusimwache ndugu yetu achechemee peke yake.