Hoteli za mbele ya bandari Mji Mkongwe zinapigania usiku wa pili

Waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hawakuwa na hoteli mtaa wa Shangani. Mwenye hoteli wa Mji Mkongwe wa Zanzibar ni nadra kufika kwenye jembe. Kazi yake kubwa ni kumfikisha mgeni siku ya pili.

Ratiba nyingi za mawakala wa safari huupa mji usiku mmoja, aghalabu mwanzoni au mwishoni mwa safari. Siku nyingine zote ni za fukwe za Nungwi, Kendwa, Paje na Jambiani. Mgeni hushuka boti bandarini Malindi au ndege katika uwanja wa Abeid Amani Karume, akalala, asubuhi akatembezwa vichochoroni, na kabla ya adhuhuri gari linamsubiri nje ya mji limpeleke pwani. Wageni wenyewe hawajapungua: Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 600,000 mwaka 2023, na mwaka uliofuata wakapita 700,000. Kwa hoteli zinazotazama bandari, kuja watakuja. Kinachoamua faida ni wanalala mara ngapi kabla ya kuondoka.

Hesabu yake ni rahisi. Mgeni wa usiku mmoja anamgharimu mwenye hoteli karibu kila kitu: kupokewa, kuandikishwa, kubebewa mizigo na hamali kwa sababu gari halipiti vichochoroni, kisha kesho yake chumba kizima kusafishwa na mashuka kufuliwa. Usiku wa pili hauna sehemu kubwa ya gharama hizo. Isitoshe, mgeni aliyebaki ndiye anayekula chakula cha jioni juu ya paa, anayekodi boti na anayemwita muongozaji. Usiku wa kwanza unalipa mishahara na umeme. Faida inaanza na wa pili.

Vyumba havitanuki

Hoteli ya ufukweni ikifanikiwa, mwenyewe huongeza vibanda. Mjini hilo haliwezekani. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, takriban mita tatu, na ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Tangu mji uandikwe katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na hata kabla, chini ya mamlaka ya hifadhi iliyoundwa mwaka 1985, mwenye nyumba hawezi kuongeza ghorofa wala kubomoa ukuta wa mbele bila kibali.

Matokeo yake yanaonekana katika idadi ya vyumba. Serena, iliyofunguliwa mwaka 1997 katika jengo la zamani la simu za chini ya bahari hapo Shangani, ina vyumba 51. Park Hyatt, iliyofunguliwa mwaka 2015 kwa kuunganisha jumba la Mambo Msiige na jengo jipya, ina 67. Hizo ni miongoni mwa kubwa. Tembo, katika nyumba iliyowahi kuwa ubalozi mdogo wa Marekani, na Africa House, iliyokuwa klabu ya Waingereza, nazo zinabanwa na kuta zile zile. Ukivuka bahari hadi Dar es Salaam, hoteli ya Kilimanjaro, inayotazama bandari tangu mwaka 1965 na sasa ikiendeshwa na Hyatt, ina vyumba 180, na hujazwa na watu wa mikutano, benki na serikali siku za kazi. Mji Mkongwe hauna wateja wa namna hiyo kwa wingi. Mapato yake yanaweza kukua kwa njia mbili tu: bei ya chumba au siku za mgeni.

Bei nayo ina mzigo wake. Hewa ya chumvi inakula chuma, viyoyozi na nyaya. Ukuta wa matumbawe unataka chokaa, kwa sababu ukiupaka saruji unashika unyevu ndani na kuanza kubomoka taratibu. Mafundi wanaoijua chokaa ni wachache, na boriti mpya hazipatikani ovyo kwani ukataji wa mikoko umedhibitiwa. Kisha kuna kamisheni ya mitandao ya kuuzia vyumba, ambayo kwa kawaida ni asilimia 15 au zaidi ya bei. Nyumba ndogo ya wageni yenye vyumba vinane inalipa hayo yote bila kuwa na jina linalojulikana Ulaya.

Bidhaa iko nje ya mlango

Lakini hakuna mtu anayevuka bahari kwa ajili ya kitanda. Toka mlango wa hoteli yoyote ya Shangani, fuata bahari kuelekea kaskazini: bustani ya Forodhani, Ngome Kongwe nyuma yake, Beit el Ajaib, Kasri ya masultani, zahanati kongwe aliyoijenga mfanyabiashara Tharia Topan yenye roshani za mbao zilizochongwa, kisha geti la bandari ya Malindi. Yote hayo ni mwendo wa dakika kumi na tano, kwa mtu asiye na haraka. Ukikata ndani ya mji unafika Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873 na sasa lipo kanisa kuu la Kianglikana, halafu Darajani, sokoni. Kwa boti kutoka ufukweni hapo hapo unakwenda Changuu, kisiwa chenye jengo lililojengwa liwe gereza likaishia kuwa karantini, na kobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli.

Kila kituo katika njia hiyo kina watu wake wanaokula hapo. Nahodha wa boti ya Changuu, muongozaji mwenye kitambulisho, papasi asiyenacho, muuza tanzanaiti wa mtaa wa Gizenga, kijana wa juisi ya miwa, mpishi wa pweza na mishkaki Forodhani jua likizama. Mgeni wa usiku mmoja anawagusa wawili watatu. Aliyebaki siku mbili anawafikia karibu wote. Kwa hiyo usiku wa pili si shauri la mwenye hoteli peke yake.

Ugumu wa biashara hii ni kwamba vitu vinavyomshawishi mgeni kubaki si mali ya hoteli. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati na kuua watu wawili. Hakuna hoteli iliyopoteza hata kigae, lakini zote zilipoteza sababu moja kubwa ya kumwambia mgeni: kesho usiondoke, hujaona bado.

Nani anaulipia ufukwe?

Ukiangalia nani aliyetengeneza ukanda huu wa bahari katika miaka ya karibuni, jibu linafunza. Forodhani ilikarabatiwa na Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan, ikafunguliwa upya mwaka 2009. Ukuta wa bahari wa Mizingani ulijengwa upya kwa fedha za Benki ya Dunia. Ukarabati wa Beit el Ajaib ulikuwa ukigharamiwa na Oman, yenye historia yake ndani ya jumba lile. Wafadhili wametoa mtaji. Hoteli zinavuna mandhari. Matengenezo ya kila mwaka yanabaki kwa serikali yenye mambo mengine mengi ya kulipia.

Na hoteli yenyewe inaweza kuila mandhari inayoiuza. Ujenzi wa Mambo Msiige ulizua malalamiko ya Kamati ya Urithi wa Dunia kuhusu ukubwa wa jengo jipya lililoongezwa kando ya jumba la zamani. Upande wa pili ipo bandari, ambayo mwaka 2023 uendeshaji wake ulikabidhiwa kampuni ya AGL. Makontena, boti za abiria za Azam na majahazi vinagombea nafasi moja finyu, na mipango ya kuhamishia shehena Mangapwani, nje ya mji, inatazamwa kwa hamu na wenye hoteli, maana malori yakipungua Mizingani itatembeka.

Si tozo zote zinazomtofautisha mgeni wa siku moja na wa kumi. Bima ya lazima ya dola 44 kwa kila mtalii, iliyoanza Oktoba 2024, inalipwa mara moja tu. Sekta imejaribu njia yake ya kumbakisha mgeni: tamasha la muziki la Sauti za Busara kila Februari na lile la filamu la ZIFF hujaza vyumba vya mjini kwa usiku kadhaa mfululizo, jambo ambalo hakuna punguzo la bei lililowahi kulifanya. Masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi za pwani hufunga. Za mjini hubaki wazi zikitegemea wasafiri wa kazi na wachache wanaopenda mvua.

Kilichobaki ni wenye hoteli wa mbele ya bandari kukubali kwamba ufukwe ni sehemu ya gharama zao, kama umeme na mashuka. Mchango mdogo kwa kila chumba kwa kila usiku, ukiwekwa katika akaunti moja na hesabu zake kubandikwa hadharani, ungetosha kuanzia taa, choo cha umma, usafi wa ukuta wa bahari na mshahara wa mafundi chokaa. Sharti moja haliepukiki: Forodhani ibaki ya wenyeji. Familia zinazokuja kukaa jioni, vijana wanaojirusha baharini, wazee wa barazani, hao ndio wanaoufanya mji uwe na usiku. Wakihama kwa sababu kodi imepanda na nyumba zimegeuzwa vyumba vya wageni, mgeni ataona yote kwa asubuhi moja, na gari la Nungwi litamkuta amekwishafunga mizigo.