Ghala la Hagadera na hesabu ya barabara isiyotabirika

KATIKA kambi ya wakimbizi ya Hagadera, iliyofunguliwa mwaka 1992 karibu na Dadaab, msimamizi wa ghala la chakula kwa kawaida anajua idadi ya walaji, kwani wamesajiliwa. Kinachomkosesha usingizi ni siku ya kufika kwa malori.

Novemba 2006 mafuriko yaliikata barabara ya Garissa kwenda Dadaab. Novemba 2023 maji yakaikata njia ya Madogo, ng'ambo ya Mto Tana.

Wataalamu walilishughulikia suala hili zamani. Mwaka 1913 Mmarekani Ford Harris alitoa kanuni ya kiasi cha kuagiza, akichukulia kwamba mahitaji hayabadiliki. Mwaka 1951 Kenneth Arrow, Theodore Harris na Jacob Marschak waliiingiza shaka ndani ya hesabu.

Tuseme, kwa mfano tu, ghala hutoa tani 40 kwa siku, na shehena huchukua wastani wa siku 10 tangu kuagizwa. Anayeutegemea wastani ataagiza zinapobaki tani 400. Lakini huenda wastani huo umetokana na safari tisa za siku 8 na moja ya siku 28. Mara tisa atabakiwa na tani 80. Mara ya kumi ghala litakuwa tupu kwa siku 18. Wastani ni sahihi, na watu wamelala njaa!

Ili kuihimili safari hiyo mbaya, sharti aagize zingalipo tani 1,120. Akiba hiyo ina gharama: fedha, nafasi, na fukusi wanaotoboa mahindi. Hesabu hupima gharama mbili. Ikiwa hasara ya kukosa tani moja inazidi mara tisa ile ya kuihifadhi bure, akiba kubwa ndiyo nafuu.

Ni mara ngapi basi? Hapo kanuni hunyamaza. Namba hiyo huamuliwa na binadamu, aghalabu mbali na foleni ya mgao, na mfuko ukipwaya akiba ndiyo huguswa kwanza.

Hata walaji hawahesabiki daima. Mwaka 2011, ukame na vita vya Somalia vilileta zaidi ya watu 100,000 Dadaab.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Kwa hiyo kiwango cha kuagiza cha Februari hakifai Septemba, wakati barabara ingali kavu na malori yangali yanapita.