Nilidhani nimepona: Maisha yangu na MS katika joto la Magogoni

BIBI harusi alikuwa ameketi mbele yangu, mkono juu ya mto, shangazi zake wakipiga vigelegele. Nilikuwa nachora ua la tatu kwenye kiganja chake nilipogundua kwamba silihisi piko mkononi. Naliona, lakini vidole havinipi habari. Ua la nne likaenda mrama.

Huo ulikuwa mwaka wa 2021, nami nina miaka 23. Kazi yangu hapa Magogoni, Kisauni, ni kuchora piko na hina. Mikono yangu ndiyo kodi ya nyumba, ndiyo karo ya mdogo wangu.

Nilijiambia ni uchovu. Wiki mbili baadaye jicho la kulia likaingia ukungu, na kulizungusha tu lauma. Kliniki ya kwanza nikapewa miwani. Ya pili nikaambiwa damu imepungua. Nyumbani mamangu alikuwa na jibu lake: "Mwanangu, hiyo ni husda. Kila harusi waitwa wewe."

Nikanywa kombe. Kisha jirani akaleta chupa ya mitishamba ya "kusafisha mishipa", Sh3,000. Wiki ya sita ganzi ikaisha na jicho likafunguka. Wallahi nilisujudu. Nikaiweka ile chupa kwenye statasi yangu ya WhatsApp, watu wakaanza kuniuliza wataipata wapi.

Miezi minane ilipita. Siku moja nikishuka kwenye matatu, mguu wa kushoto ukakataa kunyanyuka. Nikaanguka magoti barabarani. Makanga akacheka: "Dada, mchana huu ushalewa?"

Aliyeniamsha si daktari. Ni yule yule ustadhi aliyeniandikia kombe. Alinitazama nikiingia nimeshika ukuta, akasema, "Mwanangu, dua haigombani na dawa. Nenda ukapigwe picha ya kichwa."

Waya uliochubuka

Picha ya MRI ilionyesha madoa meupe kwenye ubongo na uti wa mgongo. Ugonjwa unaitwa maltipo sklerosisi, wengi huuita MS tu. Kinga ya mwili, badala ya kupigana na viini, hushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu. Daktari alinieleza hivi: fikiria waya wa stima ambao plastiki yake imechubuka. Stima inapita, lakini inakatika katika njiani. Ikikatika kwenye njia ya jicho, unaona ukungu. Kwenye njia ya mguu, unaanguka mbele ya makanga.

Duniani zaidi ya watu milioni 2.8 wanaishi nao. Wanawake ni angalau maradufu ya wanaume, na wengi hugunduliwa wakiwa kati ya miaka 20 na 40, umri wa kutafuta kazi na kuposwa. Huonekana zaidi katika nchi zilizo mbali na ikweta, ndiyo maana huku kwetu hata mhudumu wa afya huenda asiufikirie. Si wa kuambukiza. Wala haujapata tiba ya kuuondoa kabisa.

Kisha daktari akaniambia jambo lililoniuma kuliko sindano ya uti wa mgongo. Kwa wengi wetu, MS huja kwa mashambulizi. Shambulizi hudumu siku au wiki kadhaa, kisha hutulia, hata usipotumia chochote. Linaweza kukaa miezi au miaka kabla ya jingine.

Hebu fikiria maana yake. Chochote ulichokuwa unakunywa wiki ile ya kutulia ndicho kitakachopewa sifa. Ningekunywa maji ya madafu, ningesema madafu yanatibu. Ile chupa haikuniponya. Ilikuwepo tu nilipopata nafuu. Na nilipokuwa nashangilia, ugonjwa uliendelea kimya kimya. Jicho langu la kulia halijawahi kuona rangi nyekundu vizuri tena.

Nilifuta ile statasi, lakini kuna watu walishanunua.

'Ukiamini, utapona'

Kwenye TikTok utakutana na wengi wanaouza uponyaji wa mwili, akili na roho. Maneno matamu: badilisha fikra zako, mwili utafuata. Niliyasikiliza usiku mwingi. Lakini siku mguu ukikataa, je, imani yangu ndiyo imepungua? Mgonjwa anaambiwa ugonjwa ni kosa lake, kisha anauziwa msamaha.

Sisemi akili haina kazi. Ina kazi kubwa, ila si ile wanayoitangaza. Msongo wa mawazo huwapata watu wenye MS zaidi kuliko wengine, nami miezi minne sikutaka kufungua dirisha. Kuongea na mshauri hakukufuta doa hata moja kwenye picha. Kulinirudisha kliniki, na huko ndiko kuliko na dawa za kupunguza mashambulizi.

Dawa hizo ni ghali, tusidanganyane. Ukoo mzima ulichanga. Julai 2023, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliziweka dawa tatu za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu, mojawapo ikiwa rituximab, inayotumika pia kwa saratani na baridi yabisi. Hiyo ndiyo ninayotundikiwa kwa dripu kila miezi sita.

Kaskazi na ndoo ya barafu

Halafu kuna joto letu. Mwaka wa 1890, daktari Mjerumani Wilhelm Uhthoff aliandika kuhusu wagonjwa wa MS ambao macho yao yalififia baada ya kufanya mazoezi. Baadaye ikajulikana kwamba kisa ni mwili kupata joto. Kabla ya MRI, madaktari waliwahi kuwaingiza watu kwenye maji moto ili kuona kama dalili zitajitokeza. Mimi sihitaji beseni. Nina paa la mabati na mwezi wa Februari.

Saa nane mchana macho hufifia na miguu huwa kama ya mtu mwingine. Zamani ningepiga mayowe kwamba shambulizi limerudi. Sasa najua: joto halichubui waya upya, mwili ukipoa hali hurudi. Kwa hivyo shughuli zote nafanya kabla ya saa nne asubuhi. Kitambaa kilicholowa maji ya barafu huwa shingoni. Stima ikipotea, naenda kwa shangazi yangu, kwake kuna mti wa mwarobaini.

Nimejifunza pia kuhesabu nguvu kama chaji ya simu. Nikiamka na asilimia 40, siendi sokoni Kongowea kisha harusini. Nachagua kimoja. Natembea jioni, nanyoosha viungo, nalala mapema. Shisha niliacha, maana moshi wa tumbaku huuharakisha ugonjwa. Kombe? Mamangu bado huniletea, nami hunywa. Lakini siku ya dripu yeye ndiye wa kwanza kuvaa buibui.

Wewe unayesoma haya, ganzi isiyoelezeka, jicho moja kuingia ukungu, mguu kuburura: ikidumu zaidi ya siku moja, muone daktari. Na ikiisha yenyewe, bado nenda. Mficha maradhi kifo humuumbua, na aliyetangaza kupona mapema pia huumbuka, muulize mimi.

Jumamosi iliyopita nilichora bibi harusi. Maua makubwa, mistari minene, kazi ya saa moja badala ya tatu. Yale madogo madogo alijaza binamu yangu, ambaye sasa tunagawana malipo. Nilimwambia mteja mapema kwa nini. Alinyoosha mkono, akasema, "Chora, dada. Ukichoka tutangoja."