Mupango wa Takataka Unaanzia mu Lupango

Mama, kila asubui unafagia lupango yako. Maganda ya muhogo, majivu, mikebe, sashe, vyote vinaingia mu rundo moja. Kisha vinaenda wapi? Kama unavitupa nyuma ya lupango ao mu mufereji, havijaenda mbali. Mvua ya kwanza itavirudisha, na mutoto mwenye kutambaa ndiye atavikuta wa kwanza.

Takataka inaleta ugonjwa namna gani?

Nzi anapenda vyenye kuoza. Nzi muke anaweza kutaga mayai zaidi ya 100 mara moja, na wakati wa joto yai linakuwa nzi muzima mu siku 7 mpaka 10. Nzi huyo anatoka ku uchafu, anakaa ku bukari ya mutoto. Hivyo kuhara kunaingia mu nyumba. Kwetu Haut-Lomami tunajua pia kolera, zaidi mu vijiji vya kando ya mito na maziwa. Kwa hiyo mavi ya mutoto, hata ya mutoto wa ziwa, yatupwe mu choo, hapana mu takataka.

Mbu anazaa mu maji yenye kusimama. Mbu wa malaria anapenda zaidi vidimbwi, na mufereji wenye kuzibwa na sashe unafanya vidimbwi vingi. Mbu mwingine, mwenye alama nyeupe ku miguu, anazaa mu mikebe na mu mipira ya gari ya zamani. Huyo anaweza kuleta homa ya manjano na chikungunya.

Kisha kuna vidonda. Musumari, kiwembe na chupa yenye kupasuka vinangojea miguu ya watoto. Mu kidonda kama hicho pepopunda inaweza kuingia.

Sheria inasema nini?

Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, mu kifungu cha 53, inasema kila mutu ana haki ya kuishi pahali penye usafi, na tena ana lazima ya kupalinda. Amri ya serikali ya tarehe 30 mwezi wa 12, 2017, ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuzisha na kutumia sashe za plastiki. Rwanda walikataza sashe mu 2008, Kenya mu 2017, na Tanzania mu 2019. Lakini amri peke yake haishiki ufagio.

Wizara ya Afya pamoja na UNICEF walileta mu vijiji programu ya Village Assaini, ni kusema kijiji chenye usafi. Watu wanachagua kamati, na kamati inafanya mupango. Kati ya masharti yake: nyumba 80 ku kila nyumba 100 zitupe takataka kwa njia nzuri, na kijiji kisafishwe kila mwezi. Kama kijiji kinaweza, kartiye pia inaweza.

Tenga takataka mu mafungu 4

1. Vyenye kuoza: maganda, majani, mabaki ya chakula. Hii ndiyo fungu kubwa, kupita nusu ya takataka ya nyumba zetu. Chimba shimo ndogo pembeni ya shamba. Weka maganda, kisha majani makavu, kisha udongo kidogo. Funika kila siku ju nzi asizae. Geuza kwa jembe kila juma, na nyunyiza maji kama imekauka. Kisha miezi 3 hivi ao zaidi utapata udongo mweusi, muzuri kwa lengalenga na nyanya. Ni mbolea bila franka.

2. Vyenye kutumika tena: chupa, bido, mikebe. Osha vizuri, vifunike ao vigeuze maji yasikae ndani. Vyuma vya zamani viko na wanunuzi. Lakini bido iliyokuwa na petroli ao dawa ya kuua wadudu, usiweke ndani maji ya kunywa wala mafuta ya ngazi, hata kama umeiosha mara 10.

3. Sashe na plastiki. Usiwashe mbabula na sashe! Wamama wengi wanafanya vile ju makala ishike moto upesi, lakini moshi wake uko na sumu, na mutoto ku mugongo anavuta moshi ule ule. Tumia majani makavu ao vijiti. Njia nzuri zaidi ni kupunguza: peleka kitunga chako ku soko. Zenye kubakia, zikusanye mu mufuko moja.

4. Vyenye hatari: viwembe, vioo, betri za toroshi, sindano. Weka mu mukebe wenye kifuniko, mbali na watoto. Sindano zirudishe ku hospitali. Betri ndogo, ile ya saa, mutoto akiimeza inaweza kumuunguza ndani mu saa chache. Kimbia naye ku hospitali upesi, usingoje aanze kulia.

Tuulize nini ku komini?

Ukitenga vile, takataka yenye kubakia ni kidogo. Na takataka kidogo, hata pusupusu moja inaweza kuibeba. Ndiyo sababu mupango wa komini hauwezi kufaulu kama nyumba hazitengi, na nyumba hazitaendelea kutenga kama komini haina mupango. Basi wamama wa avenyi moja waende pamoja kwa shefu wa kartiye, kisha kwa bugumestre, Dimayi, Sobongo ao Kamina, na waulize kwa heshima maneno 3:

– Pahali pa kutupa takataka ni wapi, mbali na visima na masomo?
– Ni siku gani inaondolewa?
– Nani anaiondoa, na anapata mushahara wake wapi?

Mutakapojibiwa, andikeni majibu, na mwezi wenye kufuata murudi kuangalia kama yametendeka.

Leo ukifika nyumbani, anza na vyombo 2: kimoja cha vyenye kuoza, kimoja cha vyenye kubakia. Mukebe wa viwembe uuongeze kesho. Watoto pia uwafundishe, wanashika upesi kupita sisi.