Ngome ya Grogan na Mizigo Yake

Ukitoka Voi asubuhi, ukazipita Mwatate, Bura na Maktau, kisha ukakiona kilima cha Salaita walikopigana Waingereza na Wajerumani mwaka 1916, basi jua Taveta imekaribia. Huko ndiko nilikoonyeshwa nyumba moja iliyo peke yake juu ya kilima cha Girigan, Kilimanjaro upande mmoja, ziwa Jipe upande wa pili. Watu huiita ngome.

Sisi wa pwani tukisikia ngome, mawazo hutukimbilia Fort Jesus na mizinga yake. Hii haina mizinga. Ni makazi aliyojenga Mwingereza Ewart Grogan katika miaka ya 1930, yeye juu, mashamba yake ya mkonge chini. Hata jina la kilima, wasema wenyeji, ni Grogan huyo huyo lilivyogeuzwa na ndimi zao.

Kuna hadithi mashuhuri. Kijana Grogan alimpenda binti aitwaye Gertrude Watt. Baba wa kambo wa binti akamdharau. Ili athibitishe uanaume wake, akaivuka Afrika kwa miguu, kutoka Rasi hadi Cairo. Ni kweli alifika Cairo mwaka 1900, akamwoa Gertrude mwaka huo huo. Lakini safari yenyewe aliianzia Beira, mwaka 1898.

Nikiwa nakunywa kahawa mjini Taveta, nilimsimulia kisa hiki mzee mwenye mkahawa. Alicheka.

"Mwanangu, bwana alitembea. Na mizigo je, ilitembea yenyewe?"

Nikanyamaza. Wapagazi waliomfikisha, majina yao nani ayajua? La Grogan limebaki mpaka kilimani. Na mtu huyu ndiye aliyewachapa Waafrika viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907, akafungwa mwezi mmoja. Tena ndiye aliyetoa ardhi mwaka 1947 ijengwe hospitali ya watoto, kumkumbuka marehemu mkewe. Mwanadamu ana sura nyingi.

Grogan alifariki mwaka 1967. Nyumba ilikaa mahame miaka mingi, hata ikatengenezwa upya kupokea wageni. Ugomvi wa mashamba makubwa na wasio na ardhi, huo haukwisha kwa kifo chake.

Mzee aliniambia babake alikata mkonge huko. Nikamuuliza kama yeye amewahi kuingia katika nyumba ile.

"Naiona kutoka huku chini," akanijibu, akanimiminia kikombe cha pili.